PTO Ikigoma, Usikimbilie Kupasua Trekta

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Leo naomba tuondoke kidogo mjini twende shamba, ingawa najua wengi wenu mnaonisikiliza mko mjini. Siku hizi karani wa Dar es Salaam, mwenye duka wa Arusha na mwalimu mstaafu wa Morogoro wana jambo moja linalowaunganisha. Kila mmoja ana ekari zake mahali fulani, Kiteto, Mvomero, Kilombero au Mbarali, na baadhi yao wamejinyima wakanunua trekta kuukuu la kulimia ekari hizo na kukodisha kwa majirani. Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, au 165, au 265, au ni Ford 5000, chuma kilichotoka kiwandani kabla dereva wake hajazaliwa. Mwenye mali yuko mjini, mali iko porini, na kinachowaunganisha ni simu.

Simu hiyo ikilia mwezi wa saba, wakati mahindi yamekauka na mashine ya kupukuchua imekwisha fungwa nyuma ya trekta, habari yake mara nyingi ni hii: "Shikamoo bosi. Bosi, PTO imekufa. Haizunguki kabisa. Fundi yuko hapa, anasema tupasue."

Kupasua maana yake ni kulitenganisha trekta katikati, injini upande huu na giaboksi upande ule, juu ya magogo na jeki, chini ya mwembe. Ni kazi ya siku kadhaa, na ukosefu wa kipuri kimoja unaweza kuifanya ya wiki kadhaa. Fedha inayotajwa ni ile uliyoitenga kwa ada ya mtoto. Na mahindi nayo hayakusubiri. Yakikaa kwenye rundo chini, wadudu wanaingia, unyevu unaingia, na kuvu inafuata. Tusisahau kwamba mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sisemi kwamba kila trekta bovu huleta balaa hilo. Nasema kuchelewa kupukuchua na kuhifadhi si jambo la mzaha.

Hoja yangu leo ni kwamba matrekta mengi hupasuliwa kabla ya kuulizwa maswali. Na trekta la zamani hujibu maswali vizuri kuliko mgonjwa yeyote wa hospitali, mradi uulize kwa mpangilio: anzia mkiani, uende mbele taratibu kuelekea kwenye injini. Maswali yote nitakayoyataja unaweza kuyauliza kwa simu ukiwa umekaa barazani kwako, na hakuna hata moja linalohitaji kufungua giaboksi.

Kwanza tuelewane PTO ni kitu gani, maana si kila mwenye trekta amewahi kuinama nyuma yake. Ukisimama nyuma ya trekta, chini ya kiti cha dereva, katikati ya ile mikono miwili ya kunyanyulia jembe, utaona kipande kifupi cha shafti kimechomoza. Unene wake ni milimita 35 na kimechongwa meno sita marefu. Hiyo ndiyo PTO, mlango wa nyuma wa kutolea nguvu ya injini. Ukiiunganisha na propela shafti, trekta linageuka kuwa injini ya mashine ya kupukuchua, ya pampu ya maji, ya mashine ya kufyekea majani au ya bomba kubwa la dawa. Mwendo wake umekubaliwa dunia nzima: mizunguko 540 kwa dakika, injini ikifikishwa kwenye kasi iliyowekewa alama katika saa yake. Matrekta makubwa yana na mwendo wa 1,000, lakini haya makuukuu yetu karibu yote ni ya 540.

Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko tisa kwa sekunde. Hapa naomba nisimame kidogo kabla ya habari ya ufundi. Shafti ya milimita 35 ikizunguka mara tisa kwa sekunde, huvuta na kujiviringishia kiasi cha mita moja ya kitambaa kila sekunde. Propela shafti yenyewe ni nene zaidi, kwa hiyo huvuta kwa kasi zaidi. Akina mama wanaolisha mahindi kwenye mashine huvaa kanga, na kanga ina urefu wa kama mita moja na nusu. Fanyeni hesabu wenyewe. Hakuna dereva duniani anayeweza kuruka kitini na kuzima injini katika muda huo. Kwa hiyo kila jaribio nitakalolitaja lina masharti: anayegusa shafti kwa mkono anaigusa injini ikiwa imezimwa, breki ya mkono imevutwa, na dereva ameshuka chini. Injini ikiwashwa, watu wote wanakaa pembeni, mbali na shafti, na hakuna anayeiruka kwa mguu. Na tafadhali, dereva wako asiwashe trekta kwa kugusisha bisibisi kwenye stata akiwa amesimama chini kando ya gurudumu. Likiwa kwenye gia litamkanyaga yeye kwanza.

Sasa turudi kwenye ugonjwa. PTO za matrekta ya zamani ziko za aina tatu, na ni lazima ujue ya kwako ni ipi, kwa sababu dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Aina ya kwanza ni ile inayotegemea klachi moja tu. Ukikanyaga klachi, trekta linasimama na PTO inasimama vilevile. Ndivyo ilivyokuwa ile Ferguson ndogo ya kijivu, TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, na ndivyo yalivyo baadhi ya matrekta ya kawaida yaliyofuata. Wakulima walilalamika sana juu ya jambo hili, maana mashine ilikata pumzi kila dereva alipobadilisha gia. Kampuni ya Cockshutt ya Kanada ndiyo iliyofungua njia, mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa kuuza trekta ambalo PTO yake iliendelea kuzunguka hata trekta likisimamishwa.

Aina ya pili ina klachi mbili ndani ya nyumba moja, na pedali moja yenye hatua mbili. Ukikanyaga nusu, magurudumu yanakatwa lakini PTO inaendelea. Ukikanyaga hadi mwisho, vyote vinasimama. Massey Ferguson 135 nyingi mnazoziona vijijini ziko hivi. Aina ya tatu haijali pedali kabisa. Ina klachi yake yenyewe huko nyuma, inayobanwa kwa nguvu ya oili, na liva yake ya pekee ya kuiwasha na kuizima hata trekta likiwa linatembea. Hii utaikuta kwenye matrekta makubwa kidogo, na kwenye baadhi ya 165 na 265.

Swali lako la kwanza kwa dereva basi liwe hilo: "Ukikanyaga klachi nusu, PTO inasimama au haisimami?" Dereva asiyejua jibu la swali hili hajui trekta analoendesha, na hapo umekwisha pata habari moja muhimu.

Swali la pili ni hili: ni PTO ya trekta iliyogoma, au ni mashine iliyofungwa nyuma? Msicheke. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Mwambie azime injini, avue propela shafti kabisa, kisha awashe, aingize PTO, na asimame pembeni kutazama kile kipande cha meno sita. Kikizunguka vizuri, trekta lako ni zima. Mwambie fundi akusanye spana zake kutoka kwenye giaboksi ahamie kwenye mashine. Huenda gunzi limekwama ndani. Huenda krosi ya propela imevunjika, au meno ya ndani ya propela yameliwa yakawa laini kama bomba, kwa hiyo shafti inazunguka ndani yake bila kushika kitu.

Au imekatika boliti ya usalama. Hii nataka niieleze kidogo zaidi. Mashine nyingi, hasa zile za kufyekea, zina boliti moja iliyowekwa makusudi iwe dhaifu. Mashine ikigonga kisiki, boliti ile inakatika na kila kitu kingine kinapona. Ni kama fyuzi ya umeme nyumbani kwako. Sasa boliti ikikatika mara ya kwanza, dereva ananunua nyingine. Ikikatika mara ya tatu kwa siku moja anachoka, anatafuta boliti ngumu ya lori, au anapigilia kipande cha nondo. Baada ya hapo haikatiki tena. Siku mashine itakapogonga kisiki kikubwa, kitakachokatika ni krosi, au meno ya shafti ndani ya trekta, au gia. Kwa hiyo ukiambiwa PTO imekufa, uliza pia boliti ya usalama ilibadilishwa lini na iliwekwa ya aina gani. Jibu la kigugumizi ni jibu tosha.

Tuseme propela imevuliwa na kile kipande bado hakizunguki. Sasa tunaitazama liva. Katika Massey Ferguson 35 na 135, liva ya PTO iko chini upande wa kushoto, na ina nafasi tatu. Nafasi ya katikati ni huru. Upande mmoja PTO inafuata injini. Upande wa pili inafuata magurudumu, yaani inazunguka trekta likitembea tu, na kadiri linavyotembea. Nafasi hii ilitengenezwa kwa mashine zinazotakiwa kwenda sambamba na mwendo wa trekta. Dereva mgeni, aliyezoea trekta la namna nyingine, akiitupa liva upande huo, PTO haitazunguka hata injini ingenguruma namna gani, kwa sababu trekta limesimama. Hakuna kilichoharibika. Ameingia chumba kisicho chake.

Ikiwa liva iko mahali pake na bado kimya, fanyeni jaribio la mkono, kwa hizi aina mbili za kwanza tu. Injini imezimwa, trekta halimo kwenye gia, klachi haijakanyagwa. Liva ikiwa katikati, shafti inatakiwa kuzunguka kwa mkono bila taabu. Sasa weka liva upande wa injini, ujaribu tena. Inatakiwa ikatae, kwa sababu sasa unajaribu kuizungusha injini nzima kwa viganja vyako. Kama inazunguka kirahisi vilevile kama mwanzo, basi liva inacheza nje lakini ndani hakuna kinachosogea. Yaelekea pini au ufunguo unaoshika liva umelika, au uma unaosukuma kiunganishi cha ndani umepinda au umechomoka, au meno ya kiunganishi hicho yamekwisha.

Haya yote yako nyuma. Fundi huyafikia kwa kumwaga oili na kufungua kifuniko cha ubavuni pale liva inapoingilia, au kwa kuifungua shafti na kuichomoa kwa nyuma. Trekta linabaki zima. Msikilizaji mmoja, mwalimu mstaafu, aliniandikia kwamba trekta lake lilipasuliwa katikati ya msimu, klachi ikabadilishwa yote, likafungwa, na PTO ikakataa vilevile. Ugonjwa ulikutwa siku ya tisa kwenye uma wa liva. Mahindi ya majirani waliokuwa wamekwisha lipa kianzio yalikwenda kwa mtu mwingine, naye akarudisha fedha zao. Klachi mpya anayo, na ni nzuri, lakini hakuwa anaihitaji.

Sasa nakuja kwenye shahidi ninayempenda kuliko wote, naye ni haidroliki. Katika Massey Ferguson 35 na 135 zenye klachi mbili, pampu inayonyanyua jembe haikai kwenye injini. Iko ndani ya tumbo la trekta, chini ya kiti, na imepitiwa na shafti ileile inayopeleka nguvu kwenye PTO. Nguvu inatoka kwenye klachi ya pili, inapita chini ya giaboksi, inafika kwenye pampu, inaizungusha, kisha inaendelea hadi kwenye kile kiunganishi cha liva, ndipo inatoka nyuma. Ni kama bomba la maji linalopita kwa jirani kabla ya kufika kwako. Bomba lako likikauka, jambo la kwanza ni kumwuliza jirani kama kwake yanatoka.

Kwa hiyo mwambie dereva afunge jembe zito, si kamba wala mikono mitupu, na anyanyue. Jembe likipanda sawasawa, nguvu imefika kwenye pampu. Klachi ya PTO inafanya kazi, na shafti ya chini ni nzima. Ugonjwa uko baada ya pampu, yaani huko nyuma tulikokwisha kusema, na hakuna sababu yoyote ya kupasua. Lakini kama haidroliki na PTO vilikufa siku moja, saa moja, kwa mlio mmoja, basi bomba limekatika kabla ya kufika kwa jirani. Ama klachi ya pili imekwisha, ama meno ya shafti yameliwa. Hapo fundi anayesema tupasue anasema kweli, na mpe fedha yake bila kinyongo.

Nitoe tahadhari moja. Ushahidi huu ni wa matrekta yenye mpangilio huo. Yako matrekta ambayo pampu ya haidroliki imefungwa kwenye injini moja kwa moja, na kwa hayo jembe kupanda hakukwambii lolote juu ya PTO. Uliza pampu iko wapi kabla ya kumwamini shahidi.

Yuko shahidi wa pili wa kuthibitisha maneno ya huyu wa kwanza. Propela ikiwa imevuliwa, dereva aweke liva ile nafasi ya kufuata magurudumu, aendeshe polepole kwenye tambarare, mtu mwingine atazame akiwa kando, mbali. Shafti ikizunguka, basi mkia wote ni mzima, kiunganishi kinashika na liva inafanya kazi. Kilichobaki kiko mbele. Isipozunguka hata hapo, tatizo liko mkiani. Majaribio haya mawili, jembe na mwendo, huchukua chini ya nusu saa na lita moja ya dizeli.

Hadi hapa nimezungumzia PTO iliyokufa kabisa. Iko nyingine inayozunguka vizuri ikiwa tupu, lakini ukiilisha mahindi inazimia, injini inaendelea kunguruma na harufu ya kuungua inatoka. Hii ni klachi inayoteleza. Hapa uliza: trekta likivuta plau au tela kupanda mlima, nalo linateleza? Likiteleza pia, kwanza tazama pedali. Pedali ya klachi inatakiwa ishuke kidogo bila kugusa kitu kabla haijaanza kuwa nzito. Klachi inavyolika, nafasi hiyo hupungua hadi inakwisha, na pedali inabaki imeibana klachi siku nzima kana kwamba mtu ameikanyaga. Dereva mwenye tabia ya kupumzisha mguu juu ya pedali hufanya vilevile bila kujua. Kurekebisha nafasi hiyo ni kazi ya spana na dakika chache, kwa kipimo cha kitabu cha trekta.

Lakini kama trekta linavuta plau kama ng'ombe dume, na PTO peke yake ndiyo inayoteleza, basi pedali haina kosa. Ni ile klachi ya pili. Kwa matrekta mengi ya aina hii kuna kifuniko kidogo kwenye nyumba ya klachi. Fundi akikifungua huziona boliti za kurekebishia hatua ya pili. Zikiwa zimekaa vibaya, klachi ya PTO haibani hadi mwisho. Mwache ajaribu hapo kwanza. Ikishindikana, pleti imelika, au springi imechoka, au pleti imelowa oili, na sasa hakuna njia ila kupasua.

Na mkishapasua, jamani, msifanye uchoyo wa senti. Gharama kubwa ni kufungua na kufunga. Ukibadilisha pleti ya PTO ukaiacha pleti ya magurudumu iliyobakiza nusu ya maisha yake, utapasua tena mwakani. Badilisha pleti zote mbili, na beringi ya klachi, na tazama mpira wa kuzuia oili nyuma ya injini na ule wa mbele ya giaboksi. Kama pleti ilikuwa imelowa oili, oili hiyo imetoka mahali fulani. Fundi anayeweka pleti mpya bila kuonyesha oili ilikotoka amekuuzia pleti ya miezi michache.

Aina ya tatu, ile ya klachi ya oili, ina tabia zake. Hapa jaribio la mkono halina maana, kwa sababu injini ikizimwa hakuna nguvu ya oili ya kuibana klachi. Swali la kwanza ni la kijiti cha kupimia oili. Katika matrekta mengi haya, oili ya giaboksi, ya difu na ya haidroliki ni moja. Kwa hiyo tela la kuinamisha lililovuja barabarani wiki iliyopita laweza kuwa ndilo lililoua PTO leo. Dereva apime trekta likiwa kwenye tambarare. Atazame na rangi. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa imeingia maji, na hilo ni jambo la kawaida kwa trekta linalolala nje mvua nzima bila kifuniko kwenye liva ya gia. Ikiwa kiasi na rangi ni sawa, kinachofuata ni chujio. Mengi yana chujio linalolinda njia ya oili ya PTO, na halikumbukwi na mtu kwa miaka. Chujio lililoziba hunyima klachi nguvu.

PTO ya namna hii ikifanya kazi asubuhi na kugoma saa sita mchana, hiyo nayo ni habari. Oili ikiwa baridi ni nzito na haivuji kwa urahisi. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya kwenye mipira iliyochoka, na nguvu ya kubana inapotea. Hapo mwite fundi mwenye saa ya kupimia presha, aifunge mahali pake, asome namba, ailinganishe na kitabu. Nasisitiza saa. Fundi anayepima presha ya oili kwa kusikiliza na kutikisa kichwa anabahatisha kwa fedha yako. Mafundi wenye saa wapo, hasa kwenye karakana za miji ya wakulima, na nauli ya kumleta mmoja porini ni ndogo kuliko klachi usiyoihitaji.

Sitaki nieleweke kwamba nawapiga vijembe mafundi wetu. Wengi wao wamejifunza kazi chini ya miti, bila kitabu, kwa vipuri vya kuokoteza, na wameyaweka barabarani matrekta ambayo wenye viwanda walikwisha yasahau. Lakini fundi naye ana njaa, na bosi wa mjini anayesema kwenye simu "fanyeni mnavyoona" amemwekea sahani ya ubwabwa mbele yake. Ukiuliza jembe linapanda au halipandi, mazungumzo yanabadilika. Fundi mzuri atafurahi, kwa kuwa sasa anazungumza na mtu. Yule mwingine atasema mtandao unakatika.

Mkikubaliana kufungua, omba picha. Siku hizi kila dereva ana simu ya kupiga picha. Kabla ya kufungua, akupigie picha liva ilivyokaa na shafti ilivyo. Baada ya kufungua, apige picha meno ya kiunganishi, uma na pleti. Meno mazima yana ncha kali na sura moja. Yaliyoliwa yamelala upande mmoja kama meno ya mzee aliyetafuna tambuu. Hata asiyejua ufundi atayatofautisha. Na vipuri vilivyotolewa vyote vije mjini kwa basi, vimefungwa kwenye mfuko. Kwanza utajua ulilipia nini. Pili, dukani utaweza kulinganisha kipuri kwa kipuri, idadi ya meno kwa idadi ya meno, kwa kuwa hizi 135 na 165 ziliundwa kwa namna mbalimbali, na pleti ya moja haikai kwenye nyingine hata kama muuzaji ameapa.

Katika picha hizo, iwemo na moja ya kile kifuniko cha bati kinachokaa juu ya PTO, pamoja na gamba la plastiki la propela shafti. Katika matrekta mengi makuukuu vimekwisha potea. Bati lilitolewa siku moja ili propela ifungwe haraka, halikurudi, na sasa labda ni mlango wa banda la kuku. Bati hilo fundi wa kuchomelea hulitengeneza kwa siku moja. Mwambie alianze kesho, kabla mahindi ya jirani hayajaletwa na akina mama na kanga zao.